KABILA LA KARATASI

Katika maswali yote ambayo karani wa serikali alipata kumwuliza mtu wa Pemba mlangoni pake, hapana lililoonekana jepesi kuliko hili: "Wewe taifa gani?" Mtu huulizwa jina lake, akajibu, huulizwa idadi ya watoto wake, akawahesabu, kisha huulizwa taifa lake, naye hudhani kwamba jibu limo katika damu yake tangu siku aliyozaliwa, wala halihitaji kufikiriwa. Lakini ye yote atakayeyafunua madaftari ya hesabu ya watu wa Unguja na Pemba katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ataona jambo la ajabu. Watu ni wale wale, mashamba ni yale yale, makaburi ya wazee ni yale yale. Na juu ya hayo mataifa yao yamebadilika.

Tumezoea kusema kwamba mambo ya kugawa watu kwa rangi na asili ni maradhi ya Marekani, nasi huyatazama kwa mbali kama mtu atazamavyo moto unaounguza mtaa wa wenziwe. Ni kweli kwamba Wamarekani wamekwenda mbali sana katika jambo hilo. Lakini sisi nasi tunalo daftari letu. Makusudio ya makala haya ni kulifungua daftari hilo, na kuliweka kando ya lile la Wamarekani, kwani aghalabu kitu kisichoonekana kikitazamwa peke yake huonekana kikilinganishwa na chenzake.

MTOTO MMOJA, SHERIA MBILI

Na tuanze na mtoto. Mwaka 1662 baraza la Virginia, nchi ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Waingereza, lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba yake ndiye bwana mwenye shamba. Sheria hiyo ilimfaa sana bwana shamba, maana kila aliyezaliwa na mtumwa wake wa kike alimwongezea mali. Kutokana na mzizi huo ilimea ile kanuni ya Wamarekani kwamba tone moja la damu ya Kiafrika latosha kumfanya mtu kuwa Mweusi.

Katika visiwa vyetu mambo yalikuwa kinyume. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria, naye baba akamkubali, alikuwa huru, akachukua nasaba ya baba yake. Mtoto wa Mwarabu na mjakazi wa Kiafrika hakuwa mtumwa wala hakuitwa Mwafrika. Alikuwa Mwarabu, akarithi kama ndugu zake. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja na Pemba kutoka mwaka 1870 hata 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi, na hapana aliyesema kwamba si Mwarabu kwa sababu hiyo.

Basi tafakari, ewe msomaji. Baba ni bwana, mama ni mtumwa, mtoto amezaliwa. Akizaliwa Virginia ni mtumwa Mweusi; akizaliwa Chake Chake ni Mwarabu huru. Damu haikubadilika kwa kuvuka bahari. Kilichobadilika ni sheria ya mali na urithi, na jina la taifa likafuata nyuma yake. Wala tusijipe sifa tusiyostahili kwa tofauti hiyo, kwani mama wa mtoto yule, huku na kule, alikuwa amenunuliwa.

MWAKA 1924

Kwa sadfa, mwaka 1924 kalamu mbili zilifanya kazi moja katika nchi mbili zilizo mbali.

Huko Virginia ilitungwa sheria iliyomtambua kuwa Mweupe mtu yule tu asiyekuwa hata na chembe ya damu nyingine. Lakini watungaji wake walikuta mashaka nyumbani mwao wenyewe. Koo kubwa za Virginia zilijivunia kwamba zimetokana na Pocahontas, binti wa mfalme wa Wahindi Wekundu, aliyeolewa na Mwingereza na kufariki Uingereza mwaka 1617. Kwa kanuni yao mpya waheshimiwa hao wasingekuwa Weupe. Basi ikaongezwa ruhusa kwamba mwenye sehemu moja katika kumi na sita ya damu ya Wahindi Wekundu, pasipo damu nyingine, ahesabiwe Mweupe. Sheria iliyodai kupima damu ilipindwa na heshima ya wakubwa.

Mwaka huo huo serikali ya ulinzi ya Waingereza ilifanya hesabu ya wenyeji wa Unguja na Pemba. Watu zaidi ya 33,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili, na Waarabu hawakufika 19,000. Ilipofanywa hesabu nyingine mwaka 1931, Waswahili walikuwa wamebaki kiasi cha 2,000 tu, na Waarabu wamepita 33,000; hali kadhalika Washirazi waliongezeka sana. Waswahili 31,000 walikwenda wapi katika miaka saba? Hapakuwa na tauni wala vita, wala hazikuondoka majahazi ya kuwahamisha. Walikuwapo majumbani mwao, ila walilihama jina.

Sababu yake yajulikana. Utumwa ulipigwa marufuku katika visiwa hivi mwaka 1897. Watu wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili, maana jina hilo lilikuwa la heshima, jina la mtu wa pwani mwenye dini na mji. Lakini kadiri miaka ilivyopita jina lenyewe likaanza kunuka utumwa, kwa kuwa waliolichukua ndio hao walioachwa huru. Basi aliyeweza kulitupa akalitupa. Huyu akasema ni Mshirazi, yule akasema ni Mhadimu, mwingine akaandikwa Mwarabu.

Je, walisema uwongo? Si rahisi kusema hivyo. Katika nchi ambayo watu wameoana kwa karne nyingi, mtu huwa na mababu zaidi ya mmoja, na kila mmoja ana jina lake. Hapa Pemba hasa, baada ya ile dhoruba ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu ndicho kilichokuwa shina la karafuu. Waarabu walikuja kupanda, lakini wenyeji nao walipanda. Shamba la huyu lilipakana na shamba la yule, na mara nyingi mipaka hiyo ilifungwa kwa ndoa. Mtu aliyejibu "Mshirazi" mwaka 1924 na "Mwarabu" mwaka 1931 pengine alimtaja babu mmoja mara ya kwanza na babu mwingine mara ya pili. Mababu wote wawili walikuwa wake.

KIBABA CHA MCHELE

Yote hayo yangeweza kubaki mambo ya heshima na mazungumzo ya barazani, lau kama jina lililoandikwa lisingefungamanishwa na tumbo. Vilipokuja Vita Vikuu vya Pili, nao Wajapani wakaiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa kutoka huko ulikatika. Serikali ikagawa chakula kwa kadi, na mgao ukafuata taifa. Waliohesabiwa kuwa na asili ya Asia walipewa mchele zaidi, kwa hoja kwamba ndicho chakula chao. Waliohesabiwa Waafrika wakaambiwa kwamba chakula chao ni mahindi na muhogo.

Kila aliyekulia Pemba ajua jinsi watu wa kisiwa hiki walivyo na mabonde yao ya mpunga, na kwamba wali ni chakula cha karamu na cha kila siku kwa mwenye uwezo, awe nani. Lakini karani hakuuliza nani hula nini. Aliuliza nani ni nani. Jina la taifa likawa na uzito wa kibaba. Na mtu mwenye watoto wenye njaa, akiulizwa swali ambalo jibu lake moja huleta mchele na jibu lake jingine huleta sembe, hawezi kulaumiwa akimkumbuka babu aliyetoka ng'ambo.

Kwa kadiri ya miaka hiyo hiyo, mwaka 1939 na 1940, ndipo ilipoundwa hapa Pemba Jumuiya ya Washirazi. Si mgao wa chakula peke yake ulioizaa. Wenyeji walikwisha kuona kwamba serikali haikusikiliza mtu bali ilisikiliza jumuiya: Waarabu walikuwa na yao, Wahindi walikuwa na yao, Waafrika waliotoka bara nao walikuwa na yao. Asiyekuwa na jumuiya hakuwa na mlango wa kubisha.

KITI NA KURA

Mlango wenyewe ulikuwa Baraza la Kutunga Sheria. Lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wasiokuwa watumishi wa serikali walikuwa sita: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja. Wale waliokuwa wengi kuliko wote katika nchi hawakupata kiti hata mwaka 1946. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu 264,162 katika visiwa vyote viwili, na kati yao 199,860 waliandikwa Waafrika, zaidi ya nusu ya nchi nzima wakiwa Washirazi, na Waarabu 44,560. Katika Pemba peke yake walikuwapo watu 114,587. Viti viligawanywa kwa mataifa, na kwa hiyo kila mwenye kutaka kiti ilimlazimu kwanza awe na taifa.

Ulipofika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, jina likageuka kuwa kura. Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi za Unguja zilikwisha kuungana mwezi wa Februari mwaka ule, wakatoka Afro-Shirazi. Washirazi wa Pemba waliingia kwa kusitasita, na mwishoni mwa mwaka 1959 viongozi wao, Mohamed Shamte na Ali Sharif, walijitenga na kuunda Z.P.P.P., chama kilichokuja kushirikiana na Z.N.P.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kwa anayedhani kwamba kabila ni damu. Mshirazi wa kusini ya Unguja na Mshirazi wa Pemba walikuwa na jina moja, dini moja, lugha moja, na hadithi moja ya asili. Hata hivyo walipiga kura mbalimbali. Kwa nini? Kwa kuwa wa Unguja aliona ardhi nzuri ya magharibi imechukuliwa na wenye mashamba makubwa, naye amesukumwa kwenye mawe ya mashariki. Wa Pemba alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, na jirani yake Mwarabu huenda akawa shemeji yake. Ardhi ndiyo iliyosema, wala si nasaba.

Serikali nayo ilikwisha kuanza kuogopa swali lake yenyewe. Katika hesabu ya mwaka 1958 Waafrika na Waarabu hawakutenganishwa tena, bali waliwekwa katika fungu moja la watu 279,935 kati ya watu wote 299,111. Mkono ule ule uliowagawa watu kwa miaka thelathini na zaidi ulijaribu kuwaunganisha kwa kalamu. Lakini wakati ulikuwa umepita. Kabila la karatasi lilikwisha kutoka katika karatasi, likaingia njiani. Watu 68 waliuawa katika machafuko ya Juni 1961 huko Unguja, wengi wao Waarabu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 A.S.P. ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Mwezi wa Desemba uhuru ukaja, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Katika siku zile watu waliuawa na wengine wakafukuzwa kwa majina ambayo wazazi wao, miaka arobaini nyuma, waliyachagua mbele ya karani mwenye wino na daftari.

SWALI LINAPONYAMAZISHWA

Baada ya Muungano swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho katika hesabu ya watu wa Tanzania ya mwaka 1967. Tangu hapo halikuulizwa tena. Na hata katika sensa ya mwaka 2022, iliyokuta watu zaidi ya 540,000 hapa Pemba, karani hakuuliza kabila wala dini ya mtu. Jambo hili twalisifu. Ila tusidhani kwamba kulifuta swali ni kumaliza jambo. Mtu aweza kuacha kuulizwa kabila akaanza kupimwa kwa mahali alipozaliwa, kwa lafudhi yake, au kwa chama anachodhaniwa kukipenda. Mwenye kujua namna neno "Mpemba" linavyotamkwa na baadhi ya watu, mara kwa upendo na mara kwa kejeli, hahitaji kuelezwa.

Na kwa jirani zetu wa Kenya neno hilo hilo limepata maana nyingine. Wapo huko pwani, Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu, watu ambao wazee wao walitoka kisiwani hapa, wengi wao wavuvi. Walioa huko, walizaa huko, walizikwa huko. Lakini mwenye kutaka kitambulisho cha Kenya huulizwa kabila, na katika orodha ya makabila Mpemba hakuwamo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kenya na wazazi waliozaliwa Kenya alibaki bila ya uraia: hakuweza kufungua hesabu ya benki, wala kuandikisha shamba, wala kupata leseni ya kuvua kwa jina lake. Wamakonde walikuwa katika hali hiyo hata mwaka 2016, walipokwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakakubaliwa. Wapemba walingoja hata Julai 2023, ndipo Rais William Ruto alipowatambua rasmi huko Kilifi.

Twafurahi kwa ajili yao. Lakini tuitazame njia waliyoipitia. Ili awe raia, ilimbidi Mpemba kwanza awe kabila. Jina la kisiwa, ambalo hapa kwetu hutaja mahali, lilivuka mkondo likawa taifa, kwa sababu upande wa pili taifa ndilo lililofungua mlango. Chukua ukoo mmoja kwa mfano. Babu aliandikwa Mswahili mwaka 1924 na Mshirazi mwaka 1931. Baba akatiwa katika fungu moja na Waarabu mwaka 1958. Mwana mmoja leo ni Mtanzania tu, na binamu yake aliyeko Kilifi ni wa kabila la Wapemba. Wote wamezikiwa wazee wao katika kijiji kimoja.

MWENYE KUJIBU NI NANI?

Turudi Marekani, kwani huko nako majina yamehama. Katika hesabu ya mwaka 1890 makarani waliamriwa kumtenga mwenye nusu, robo na thumni ya damu ya Kiafrika. Mwaka 1930 mafungu hayo yakafutwa, wote wakawa Weusi. Mwaka 1930 Mmeksiko alikuwa rangi peke yake. Mwaka 1940 akarudishwa kuwa Mweupe. Mwarabu naye alizungushwa. Mwaka 1942 hakimu wa Michigan alimnyima uraia Ahmed Hassan, mtu wa Yemen, kwa hukumu kwamba Waarabu si Weupe. Mwaka 1944 hakimu wa Massachusetts alimpa uraia Mohamed Mohriez, Mwarabu, kwa hukumu kwamba ni Weupe. Siku hizo uraia wa kuandikishwa ulifungwa kwa watu wa rangi nyingi, na hivyo rangi ya Mwarabu ilitegemea mlango wa mahakama aliouingia.

Ilikuwa kuanzia mwaka 1960 ndipo Wamarekani walipoanza kuachiwa wajaze jibu wenyewe, badala ya karani kuwatazama uso na kuandika. Na tangu mwaka 2000 mtu ameruhusiwa kuchagua zaidi ya fungu moja. Mwaka 2024 serikali yao ilikata shauri kwamba watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini wapewe fungu lao, baada ya kuhesabiwa Weupe miaka mingi. Mpemba aliyehamia huko, mwenye babu wa Kiomani na bibi wa Kishirazi, ana mafungu kadhaa mbele yake, na kila moja lina haki ya kumdai.

Yafaa tuwe waadilifu. Hesabu za rangi za Marekani zilitumika kwa miaka mingi kumnyima mtu Mweusi shule, kiti na kura. Lakini baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, hesabu hizo hizo zilitumika mahakamani kuonyesha wapi anadhulumiwa. Basi kuuliza si dhambi kwa kila hali. Dhambi ni kufunga chakula cha mtoto, au ardhi ya baba, au uhai wa jirani, katika jibu.

Kutakuwa na mzee atakayesema: "Je, mwataka tusahau nasaba zetu?" La, hasha. Nasaba ni kumbukumbu, na mtu asiyejua wazee wake hajui hata wa kuwaombea dua. Nasaba huhifadhiwa na wenyewe, nayo hupokea mababu wote, wa bara na wa ng'ambo, mabwana na waliotumwa, kwa kuwa haina kiti cha kugawa wala kibaba cha kupima. Daftari la serikali lina fungu moja kwa kila mtu, na kila fungu lina mwenye kupata na mwenye kukosa.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu, hasa watakaokuja kushika kalamu za ofisi. Kila mtakapoona orodha mpya ya makabila, msianze kubishana ni nani aliye wa asili na nani aliyekuja. Ulizeni kwanza ni kitu gani kinachokwenda kugawanywa kwa orodha hiyo, nani aliyeitunga, na kama mwenye kuulizwa ana ruhusa ya kujijibia. Wazee wetu wa mwaka 1931 hawakuuliza hayo, kwani hapana aliyewaambia kwamba jibu lao lingeishi kuliko wao. Sisi tumekwisha kuambiwa.